Orka wa San Juan mwezi Julai: nikae kwenye mwamba au nilipie boti?

Naserian_Njiro

Wakuu, habari za kazi. Naongoza wageni mbuga za kaskazini, na Julai nitakuwa Seattle kwa mafunzo mafupi. Yakiisha nabakiwa na siku tatu nzima kabla ya ndege ya kurudi KIA. Nataka kuwaona orka, hawa nyangumi wauaji weusi wenye mabaka meupe, wakiwa huru kwao. Najua watu huenda visiwa vya San Juan, kaskazini mwa Seattle, ila kila kampuni inatangaza kuwa boti yake ndiyo yenyewe, na wengine wanasema kaa tu juu ya mwamba uangalie bure.

Kwa anayeyajua maji yale: ufukweni au boti? Wanaonekana kwa umbali gani hasa? Nina darubini ya 8x42 na kamera ya sensa kubwa (milimita 36 kwa 24) yenye lenzi ya 100-400. Vinatosha? Na ni kitu gani huwafanya watu warudi mikono mitupu? Naombeni majibu ya kazi, si ya "utafurahia sana".

Mzee_wa_Rau

Dada Naserian, kabla ya kuchagua boti au mwamba, jua kwanza kwamba maji yale yana orka wa aina mbili, na sheria haiwachukulii sawa. Jibu lako karibu lote liko hapo.

Wa kwanza ni wakazi wa kusini. Hawa hula samaki, hasa samoni aina ya Chinook, na wamegawanyika katika makundi matatu: J, K na L. Wamebaki sabini na kitu tu, na tangu 2005 Marekani imewaweka kwenye orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka. Wa pili huitwa orka wa Bigg, kwa jina la Michael Bigg, mtafiti wa Kanada ambaye miaka ya 1970 alianza kuwatambua mmoja mmoja kwa picha za mapezi yao. Hawa samaki hawana habari nao. Wanakula sili, simba bahari na pomboo wadogo. Aina hizi mbili zinapita maji yaleyale lakini hazichanganyiki wala kuzaliana.

Sasa sheria. Tangu Januari 1, 2025 jimbo la Washington linataka kila chombo, hata kayaki, kikae yadi 1,000 kutoka kwa wakazi wa kusini, yaani mita 914. Ukijikuta umeingia ndani ya mita 366 zao, unatoa gia na kutulia mpaka wapite. Kwa orka wa Bigg ni yadi 200, sawa na mita 183, na hairuhusiwi kujiweka kwenye njia yao mbele ndani ya mita 366. Chanzo ni kelele. Orka mla samoni humtafuta samaki gizani kwa mwangwi wa milio yake mwenyewe, na injini inaufunika mwangwi ule. Majike ndio wanaoathirika zaidi: boti zikisogea sana, huacha kuwinda.

Aliyesimama nchi kavu hana kikomo hicho. Na upande wa magharibi wa kisiwa cha San Juan, pale hifadhi ya Lime Kiln Point, kina cha maji kinashuka ghafla karibu kabisa na miamba. Orka wanaofuata samoni kwenye mlangobahari wa Haro huweza kupita makumi machache tu ya mita kutoka ulipokaa. Yaani mwenye tiketi ya boti amesimamishwa karibu kilomita nzima, na aliyekaa bure juu ya jiwe anasikia pumzi zao.

Ubaya ni kwamba wakazi hawaji kama zamani. Chinook wa mto Fraser wamepungua, na kiangazi cha siku hizi zinaweza kupita siku nyingi mfululizo bila J, K wala L kuonekana pale. Orka wa Bigg ndio wanaoonekana mara nyingi sasa, mwaka mzima, lakini wao wanazunguka vighuba na visiwa vidogo wakivizia sili. Hawana njia moja ya kusubiriwa. Kwa hiyo boti siku moja, kwa ajili ya orka wa Bigg, na mwamba siku mbili kwa kubahatisha wakazi. Anayekuambia uchague kimoja ana tiketi za kuuza, au hajui Julai ya sasa ilivyo.

Lenzi_Kijenge

Darubini yako inatosha, usinunue nyingine. Kwa 8x, mnyama aliye mita 914 unamwona kana kwamba yuko mita 114. Botini hata usitamani 10x, kwa sababu kila mtikisiko wa mkono na wimbi unakuzwa nao pia. Kwenye mwamba 10x inafaa. Ukipata ya kuazima ile darubini ya jicho moja inayosimama kwa miguu mitatu, baki kwenye 20 hadi 30. Ukizidisha hapo, hewa ya juu ya maji inaanza kuchezacheza kwenye kioo na hupati kitu.

Lenzi ndiyo inayowadanganya watu. Pezi la mgongoni la dume mzima hufika mita 1.8. Kwa milimita 400 kwenye sensa yako, pezi hilo likiwa mita 914 linachukua kama asilimia 3 ya kimo cha picha. Hiyo ni nukta. Likiwa mita 183 linachukua kama asilimia 16, hapo una picha ya kuonyesha watu. Usipoteze kadi ya kumbukumbu kwa wakazi wa mbali ukiwa botini.

Weka kasi ya shata 1/1600 au zaidi, f/8, ISO ijipange yenyewe, na picha za mfululizo. Akiibuka anakaa juu sekunde moja au mbili tu, kwa hiyo ukisubiri umwone ndipo uinue kamera, unapiga maji. Mwache aibuke mara ya kwanza, shika mwelekeo, elekeza lenzi mbele yake kidogo ukiwa umeshafokasi umbali ule, kisha subiri. Picha yenye maana kwa utambuzi ni ile ya ubavuni, yenye pezi na baka la kijivu lililo nyuma yake. Picha ya mkia ni nzuri ukutani, haimtambulishi orka.

Mwanga: Lime Kiln inatazama magharibi. Asubuhi jua liko mgongoni kwako na mapezi meusi yanajitokeza vizuri. Kuanzia alasiri jua linakupiga usoni, na Julai kule linazama karibu saa 3 usiku, kwa hiyo mng'ao ni wa saa nyingi. Miwani ya polaroidi inasaidia sana kutafuta kwa macho. Kichujio cha aina hiyo kwenye lenzi sikishauri, kinakula mwanga unaouhitaji kwa shata.

Kuhusu umbali: macho yako yakiwa mita 10 juu ya maji, upeo wa bahari uko kama kilomita 11. Ukikaa kwenye boti ya chini, macho yakiwa mita 2, upeo ni kilomita 5 tu. Ndiyo maana wenyeji hupanda miamba ya juu kwanza, halafu wanashuka wakishawaona. Kinachokatisha tamaa zaidi ni upepo. Mawimbi yakianza kuwa na povu jeupe, kila povu ni pezi la uongo, na pumzi ya orka inapeperushwa kabla hujaigundua. Maji tulivu ya asubuhi ni bora mara nyingi kuliko lenzi yoyote.

Usifagie bahari kwa darubini. Tazama kwa macho matupu, polepole, ukitafuta wingu dogo la mvuke mbele ya ufuko mweusi wa ng'ambo, ndege wanaozunguka mahali pamoja, au boti kadhaa zilizosimama bila sababu. Ukiona kimojawapo ndipo unainua darubini.

Baharia_wa_Bara

Niongeze upande wa boti, maana mzee ameupitia haraka.

La kwanza ni bandari. Boti inayoondokea Seattle inakula saa nyingi kwa kwenda tu. Ya Anacortes iko karibu zaidi, na ya Friday Harbor, kisiwani kwenyewe, iko katikati ya mambo. Safari za kutoka kisiwani huwa saa tatu hadi nne, na sehemu kubwa ya muda huo unakuwa na wanyama au unawatafuta, si kusafiri.

La pili ni aina ya chombo. Boti za mpira zenye kiunzi kigumu zina kasi na unakaa karibu na maji, lakini hakuna choo, hakuna paa, na macho yako yako chini. Wanakuvisha ovaroli nzito ya kuelea, na utaihitaji, kwa sababu maji ya kule hata Julai ni nyuzi 10 hadi 12 hivi za Selsiasi na upepo wa mwendo unaingia mpaka kwenye mifupa. Boti kubwa yenye chumba na sitaha ya juu inatikisika kidogo, unaona mbali, na unaweza kuzunguka pande zote mbili. Kwa mwenye lenzi ya 400 mimi naipendekeza hii, mradi uwe mwepesi kupanda sitaha ya juu kabla haijajaa.

La tatu, soma dhamana kwa makini. Kampuni nyingi zinaahidi kwamba msipoona nyangumi mtapewa safari nyingine bure. Uliza mambo mawili. "Nyangumi" ni yupi? Akionekana nyangumi wa nundu mmoja, ahadi imeshatimizwa hata kama orka hakuonekana. Pili, safari ya bure itakusaidia nini wewe uliye na siku tatu? Weka boti siku ya kwanza, ili ya marudio ikitokea uwe bado upo.

Nahodha wakipashana habari redioni, boti zinakusanyika, kama magari yetu yanavyojazana akionekana chui Seronera. Nahodha mzuri utamjua hapo: anapunguza mwendo mapema, anakwenda sambamba na wanyama kwa ubavu, hajipeleki mbele yao kuwasubiri wamjie. Anayekimbilia mbele ya njia yao anavunja sheria, na mara nyingi orka hubadilisha uelekeo na wote mnakosa.

Kichefuchefu si kikubwa sana ndani ya visiwa kwa kuwa maji yamekingwa. Kama wewe ni mgonjwa wa bahari, dawa inanywewa kama saa moja kabla, si wakati umeshaanza kuumwa, na nyingi zinaleta usingizi. Muulize mfamasia hapo Arusha kabla hujasafiri.

Naserian_Njiro

Nashukuru sana, haya ndiyo niliyokuwa nayatafuta. Mawili zaidi. Nikiwa juu ya mwamba nitawatofautishaje wa samoni na wa sili? Na wale wa kwenye habari wanaovunja mashua, ni hawahawa?

Mzee_wa_Rau

Wa mashua sio hawa. Wale ni orka wa pwani ya Hispania na Ureno, na tangu 2020 wamekuwa wakigonga na kuvunja usukani wa mashua za tanga karibu na Gibraltar, na kadhaa zimezama. Tabia hiyo haijahamia San Juan. Na hakuna rekodi ya orka wa porini aliyewahi kuua mtu.

Kuwatofautisha: anza na tabia, pezi baadaye. Wakazi husafiri wengi, mara nyingi wametawanyika kwenye eneo pana, wana kelele na michezo. Wanaruka nje ya maji, wanapiga maji kwa mkia, wanasimama wima kichwa kikiwa nje. Orka wa Bigg huenda wachache, mara nyingi wanne hadi sita, mama na watoto wake, na wakiwa windoni hawatoi sauti kwa sababu sili na pomboo wana masikio. Kelele zao huja baada ya kuua. Ukiona wanazunguka mahali pamoja, maji yanachafuka na ndege wanashuka, hapo kuna mlo.

Halafu pezi. La orka wa Bigg lina ncha kali zaidi na kitako kipana. La mkazi lina ncha ya mviringo. Baka la kijivu nyuma ya pezi la Bigg ni jamvi lililojaa. Kwa mkazi mara nyingi lina mkato mweusi ndani yake. Usiwachanganye dume na jike: pezi refu lililosimama wima ni la dume mzima, la jike kwa kawaida halifiki mita moja na limepinda nyuma. Dume mdogo ana pezi kama la mama yake mpaka abalehe, kwa hiyo usimwite jike kila mwenye pezi fupi.

Na uhesabu pumzi. Wakazi wakisafiri huibuka mara tatu au nne kwa kufuatana, kisha wanazama kwa dakika chache. Orka wa Bigg huzama muda mrefu zaidi, dakika tano, saba, na wakati mwingine hupita kumi. Hapa ndipo wageni wengi wanawapoteza. Orka anayekwenda taratibu hufanya kilomita 6 au 7 kwa saa, maana yake katika dakika tano ameshasogea nusu kilomita au zaidi. Watu wanabaki wamekodolea macho pale alipozama. Chagua alama ng'ambo, mti au nyumba, pima uelekeo wake, kisha hamisha macho mbele kwa nusu kilomita. Akizama wa Bigg karibu na mwamba wenye sili, yote haya yanavunjika, anaweza kugeuka na kutokea alikotoka.

Sikio_Machame

Hamjataja haidrofoni, yaani maikrofoni za chini ya maji. Mtandao wa Orcasound unarusha bure, moja kwa moja, sauti za chini ya maji za vituo kadhaa vya maeneo yale, kikiwemo cha upande wa magharibi wa San Juan. Sikiliza kwa simu ukiwa umekaa kwenye mwamba. Wakazi wanasikika kabla hawajaonekana, na kila kundi lina milio yake: J wana mlio ulioorodheshwa kama S1, ukiusikia mara nyingi mfululizo basi ni wao au wako pamoja nao. Zoea kuusikiliza kabla hujaondoka huku, usianze kujifunza siku yenyewe. Vipaza sauti vya masikioni ni lazima, kwa sababu meli za mizigo zinazokwenda Vancouver zinapita mlangobahari huohuo na ngurumo zake zinafunika kila kitu.

Jambo moja kuhusu meli hizo: wimbi la mkia wa meli linafika kwenye miamba dakika kadhaa baada ya meli kupita, wakati umeshaisahau. Usishuke kwenye mawe ya chini yenye mwani. Yanateleza, na maji ya nyuzi 10 hayakupi muda mrefu.

Kwa habari za walipo, Orca Network hukusanya taarifa za watu kila siku. Angalia saa iliyoandikwa, si taarifa tu. Taarifa ya saa nne zilizopita inamhusu orka aliyeshakwenda zaidi ya kilomita 20.

Chagga_Mtalii

Jamani, swali la pembeni kidogo. Si afadhali kwenda Afrika Kusini tu? Karibu, na kule kuna wale wawili maarufu wanaoua papa.

Baharia_wa_Bara

Port na Starboard, madume mawili yenye mapezi yaliyolala. Tangu 2017 wanahusishwa na mizoga ya papa weupe Gansbaai iliyotolewa maini. Lakini wanazunguka pwani ndefu sana, hawana ratiba wala msimu wa kutegemea. Ukienda kwa ajili yao utaona bahari.

Kwa anayetaka nchi kavu peke yake na ana pesa, mahali penyewe ni Punta Norte, Península Valdés, Argentina. Orka wa pale hujipandisha ufukweni makusudi kukamata watoto wa simba bahari, Machi na Aprili hasa, na watazamaji wanasimama juu nchi kavu. Muda mzuri ni maji yakijaa, kwa sababu ndipo wanafika karibu na wale watoto.

Kwetu orka ni wa nadra sana. Tunaye nyangumi wa nundu, Julai hadi Oktoba, Mtwara, Mafia na Zanzibar. Kanuni za boti nilizosema hapo juu zinamfaa yeye pia, na zingewafaa pomboo wa Kizimkazi zaidi.

Mzee_wa_Rau

Dada, ratiba basi. Siku ya kwanza toka Seattle alfajiri, Anacortes ni kama kilomita 130. Ukienda na gari la kukodi, wekea nafasi kwenye kivuko mapema, Julai kinajaa. Ukienda kwa miguu huhitaji kuweka nafasi, na Friday Harbor unashuka katikati ya mji, boti za watalii ziko hatua chache. Panda boti mchana huo. Acha pengo la saa mbili kati ya kivuko na boti, maana vivuko vile huchelewa na wakati mwingine hufutwa kabisa.

Siku ya pili nzima ni Lime Kiln, kama kilomita 15 kutoka mjini. Kwa baiskeli inawezekana, ina vilima. Ukiwa na gari lazima ulipie kibali cha kuegesha kwenye hifadhi za jimbo. Fika asubuhi mara hifadhi inapofunguliwa, beba chakula na maji, koti la upepo na kitu cha kukalia, mwamba ule ni baridi mpaka saa 4. Mnara wa taa wa 1919 ndio alama yako. Miamba iliyo kaskazini na kusini mwake yote inafaa. Droni usibebe, hifadhi za jimbo haziruhusu bila kibali.

Siku ya tatu asubuhi rudi kwenye mwamba kama habari ni nzuri, au chukua safari yako ya marudio. Panga kivuko cha kurudi cha mchana, si cha mwisho wa siku. Nauli ya abiria wa miguu inakatwa Anacortes tu, kurudi hulipi.